Nyuzi Nilizozikaza

Ljubiša Perkov amekuwa na sauti tatu katika maisha yake. Ya kwanza niliijua kwenye kanda tu, maana sikuwa nimezaliwa: sauti kali kama kisu kipya, ya kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka zamu kwenye tanuru la vigae, akanawa uso, akapanda jukwaani huku nywele zake zingali na vumbi. Ndiyo maana bendi yao ya roki iliitwa Vumbi Jekundu. Ya pili ndiyo niliyolelewa nayo, sauti pana yenye mikwaruzo, iliyojaza sebule yetu kila baba alipofungua chupa. Ya tatu ndiyo ninayotaka kuisimulia, na kila nikiifikiria uso unaniwaka.

Hapa Kikinda, kaskazini mwa Serbia, hakuna asiyemjua, ingawa hakuwahi kuwa nyota. Bendi ilitoa santuri moja, ikapigwa redioni majira mawili ya joto, basi. Tanuru lilipozimwa alifungua karakana ya baiskeli karibu na reli, na kwa kuwa mji wetu ni tambarare kama meza na hata bibi wa miaka themanini huenda kanisani kwa baiskeli, hakukosa kazi. Siku za wiki alinyoosha rimu na kuziba pancha. Jumamosi aliimba harusini. Wimbo uliosubiriwa na watu ulikuwa mmoja, "Rudi kwa Baiskeli". Mwisho wake neno "rudi" linapanda juu, juu sana, na linakaa huko mpaka mpiga dramu ahesabu nane.

Kwangu alikuwa zaidi ya mwimbaji. Alikuwa kumu wa baba yangu: alisimama kando yake siku ya harusi, kisha akanibeba mimi siku ya ubatizo. Kwetu husemwa kwamba Mungu yuko juu na kumu yuko chini. Kumu hagombezwi wala haaibishwi. Nilimwita ami.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, mpiga gitaa wao Mladen alianza kutetemeka mikono. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Novi Sad, nina shahada na mdomo mpana, na gitaa napiga tangu utotoni. Mladen aliniita kwake anikabidhi nafasi yake. Alinionyesha nyimbo zote, kisha akaufunga mlango wa jikoni.

"Kuna jambo moja," alisema. "Kabla ya kupanda jukwaani unalegeza nyuzi zote, hatua tatu chini. Čeda wa besi naye anafanya hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Kwa sababu ana miaka sitini na tatu."

Mladen alianza kumshushia Ljubiša alipofika arobaini na minane, hatua moja. Miaka saba baadaye ya pili. Alipougua mapafu, ya tatu. Na lile "rudi" la mwisho siku hizi Ljubiša hakuliimba mwenyewe, aliwanyooshea watu maikrofoni wakamwimbia.

"Anajua kwamba mnamshushia?" niliuliza.

"Hilo haliulizwi. Mtu akitoka mtoni unampa taulo. Humwulizi kama anajua yuko uchi."

"Huo ni uongo, Mzee Mladen."

"Uongo? We mtoto, kinyozi akikupunguza nywele amekudanganya?"

"Nywele zangu hazijidai kuwa ndefu."

"Chuoni wamekufundisha kujibu," alisema. "Kusikiliza watakufundisha lini?"

Lazima nieleze nilivyokuwa wakati ule, si kwa kujitetea. Majira ya baridi yote tulikuwa tumeshinda barabarani na wanafunzi wenzangu, vidole vimekufa ganzi, tukiandamana kudai serikali iwaambie watu ukweli. Nilirudi nyumbani nikiuona uongo kila mahali, hata kwenye supu ya mama. Nilijiambia kwamba sauti huzeeka kwa kubembelezwa, kwamba mtu ukimpa ngazi fupi miaka kumi na mitano atasahau kupanda. Nilijiambia kwamba ami akisikia wimbo wake kule juu ulikozaliwa, ataamka. Hayo niliyaamini. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho sikumwambia mtu: nilitaka ile sauti ya kwenye kanda itoke tena, na mimi niwe niliyeitoa.

Siku ya mji, mwezi wa Juni, Vumbi Jekundu walikuwa wapige uwanjani mbele ya kanisa, kuadhimisha miaka arobaini ya bendi. Nyuma ya jukwaa nilimwona Čeda akianza kulegeza nyuzi za besi.

"Acha," nilimwambia. "Leo tunapiga kama zamani. Ami mwenyewe kasema."

"Ljubiša kasema?"

"Kasema."

Mimi, mtetezi wa ukweli, nilisema hivyo bila kupepesa.

Jua lilikuwa bado juu ya miti ya bustani na watu wamejaa, wengi wa umri wake, wake kwa waume, wajukuu mabegani. Nyimbo za mwanzo alizipita kwa shida, akiziruka baadhi ya sauti huku akicheka. Kisha nikapiga uzi wa kwanza wa "Rudi kwa Baiskeli", na ami akageuza kichwa. Alinitazama mara moja tu, kama mtu anayeona kikombe chake kinaponyoka mkononi mwa mgeni na anapima kama ataweza kukidaka. Angeweza kusimamisha wimbo. Angeweza kusema, "Jamani, subirini, gitaa halijakaa sawa." Hakusema. Aliimba.

Beti mbili alizisukuma kama baiskeli kwenye matope, mishipa ya shingo imesimama. Mwishoni akanyoosha maikrofoni kwa watu, kama kawaida. Nao walifumbua vinywa na hawakufika. Hapo ndipo nilipoelewa, nimechelewa sekunde moja. Watu nao walikuwa wamezeeka pamoja naye. Hatua kwa hatua walikuwa wameshuka wote, na Mladen alikuwa akiulegeza mji mzima. Kilisikika kilio cha hapa na pale, kisha kicheko. Ami akairudisha maikrofoni mdomoni ili kuwaokoa, akalipanda lile "rudi" peke yake, na sauti ikapasuka kama ya jogoo mchanga.

Uwanja ulicheka. Si kwa ubaya, ila ulicheka.

"Samahanini, jamani," alisema ami, akifuta jasho. "Nimekula aiskrimu, na nilikatazwa. Lakini kijana amepiga vizuri. Mpigieni makofi."

Wakanipigia makofi. Niliinama kushukuru. Hilo la kuinama ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo.

Kabla ya wiki kwisha video ilikuwa kwenye kila simu, na mtu alikuwa ameipachika mlio wa jogoo. Gavra, mwenye bucha ya jirani, kila akipita karakanani kwa baiskeli aliwika: "Kukurikuu, Ljubiša!" Ami alikuwa akiinua spana kumsalimu. Lakini harusi tatu za majira yale alizikataa, akisema ana kazi nyingi, na redio ya karakana haikuwashwa tena. Haya niliyasikia kwa mama, maana mimi sikupita njia ile. Tairi langu la nyuma lilipopata pancha niliisukuma baiskeli mji mzima, hadi kwa fundi wa upande wa pili, ili nisimtazame usoni.

Novemba ikaja, na siku ya mtakatifu mlinzi wa nyumba ya kina Perkov.

"Hujavaa?" mama aliniuliza asubuhi.

"Sijaalikwa."

"Nani hualikwa siku ya mtakatifu? Wa nyumba huja. Asiyekuja ameikana nyumba. Na wewe huyo mtu alikubeba ukiwa na siku arobaini, ukamkojolea koti jipya. Vaa!"

Nilikwenda nimeamua. Mbele ya wageni wote nitasimama niseme nilichofanya. Njia nzima nilipanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri, naona haya kusema.

Mlangoni Desanka, mkewe ami, alininyooshea bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari. Nilichota kijiko, nikafanya ishara ya msalaba, nikaingia. Mshumaa mrefu ulikuwa ukiwaka katikati ya meza. Mladen alikuwepo, mikono kaificha chini ya kitambaa. Gavra alikuwepo, midomo inang'aa mafuta. Ami alikuwa amesimama, kwa sababu siku hiyo mwenye nyumba haketi: anahudumia kutwa. Aliniona akasema tu, "Umekonda," akanijazia sahani kabichi iliyoviringishiwa nyama.

Gavra hakukawia. "Ljubiša, bwana, tuimbie basi! Ila Desanka atoe kwanza vioo dirishani."

Wakacheka. Nikasimama. "Jamani," nilianza, "siku ile ya mji..."

"Kaa," alisema ami.

"Ami, lazima niseme ukweli."

"Kwenye nyumba hii leo anasema mwenye nyumba. Kaa. Toa hilo gitaa ukutani."

Kisha akavuta kiti akaketi. Desanka alisimama na sinia mkononi, maana hajawahi kumwona mumewe ameketi siku ya mtakatifu.

"Legeza," aliniambia. Nikalegeza hatua moja. "Tena." Nikalegeza. "Tena. Hapo ndipo Mladen alipokuwa akiniweka. Mnasikia, jamani? Miaka kumi na mitano huyu rafiki yangu amenishushia nyuzi na mimi nimejifanya sijui, na yeye kajifanya hajui kwamba najua. Juni kijana hakushusha. Basi ni hayo tu. Tena, Relja."

Vidole vyangu viliteleza kwenye vigingi. Meza nzima ilikuwa inanitazama nikizungusha.

"Tena."

"Ami, inatosha," nilisema kwa sauti ndogo.

"Koo lako au langu? Tena kidogo. Haya."

Nyuzi zilikuwa zimelegea kiasi cha kugonga mti wa gitaa. Nilipiga polepole, kwa kuwa hazikukubali haraka. Akaimba kama mtu anayeongea na aliye upande wa pili wa ua. Hakukuwa na kisu wala mikwaruzo. Maneno yale yale niliyoyasikia tangu utoto yakawa ya mzee anayejua kwamba aliyeondoka hana tena miguu ya kukanyaga pedali. Alipofika kwenye "rudi" hakupanda. Aliliweka chini, kwa pumzi, na likakaa. Mladen alitoa mkono wake chini ya kitambaa akawa anahesabu kwa vidole vinavyotetemeka juu ya meza. Akafika tatu.

Gavra aliangalia sahani yake. Ami akainuka, akashika chupa.

"Nani hana kinywaji?"

Alipofika kwangu nilijaribu tena. "Ami, nilimdanganya hata Čeda. Nilimwambia wewe ndiye..."

"Čeda aliniambia siku ile ile. Kula."

Nilikula. Maneno yangu mazuri yalibaki kifuani, hayana wa kuyahitaji, kwa sababu ukweli wote ulikuwa umeshasemwa na yule aliyekuwa na cha kupoteza.

Alinisindikiza hadi kwenye lango. Nilidhani ataniambia jambo zito, nikainamisha kichwa kulipokea.

"Kesho lete hiyo baiskeli," alisema. "Nimesikia unaisukuma hadi kwa yule fundi wa ng'ambo. Usimpelekee tena. Anakaza spoki kama wewe unavyokaza nyuzi."