Kaloli Wangu Walikuwa na Magurudumu

Ninauza chai na chapati mkabala na jaa la taka, mwendo mfupi kutoka stendi ya Nateete, Kampala. Si mahali pa kuringia, lakini wateja wangu wanashuka pale, nami siwezi kuwafuata hadi makwao kule Mbuya mlimani. Mwaka mmoja mwenyekiti wa mtaa alitupa notisi sisi wauza chakula watano: tuwe tumeondoka mwisho wa mwezi uliofuata. Alisema lori la taka linakuja kila siku, kwa hiyo jaa likifurika, makombo ni yetu. Tena makombo hayo ndiyo yanayoita yale madege makubwa yenye upara, yanayosimama juu ya taka kama wazee wa kanisa wanaosubiri sadaka. Siku hiyo nilikasirika mpaka nikaunguza chapati sita.

Nilimlalamikia mteja wangu mmoja, dada anayesoma chuo kule Kyambogo. Jioni hiyohiyo akaniingiza kwenye kundi lake la simu. Lilikuwa na watu wa mitaa mbalimbali waliokuwa wakihesabu vitu, wakituma hesabu zao, kisha wakibishana mchana kutwa juu ya taka, mitaro na jinsi mji huu utakavyokalika siku za usoni. Hata mwenyekiti wetu alikuwamo, ingawa alikuwa akisoma tu bila kusema neno. Wengine walikuwa Wakongomani, wengine Wakenya kama mimi, na alikuwapo mwanajeshi mmoja mstaafu. Lugha iliyotuunganisha ni Kiswahili, kila mtu na chake. Aliyesomea sayansi alikuwa yule dada peke yake. Sisi wengine tulikuwa na macho.

Maagizo yangu yalikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa yule dada: "Nyabo, kila siku wewe nahesabu kaloli yote nakuja kwa kasasiro, halafu natuma namba hapa. Kama ni sifuri, andika sifuri. Usidanganye."

Nyabo na kasasiro nilikuwa ninayajua, ni mama na taka kwa Kiganda. Kaloli sikulijua, ila nilidhani ninalijua. Kwetu Kenya ukitaka kukifanya kitu kiwe kidogo unakibandika "ka" mbele: katoto, kagari, kalori. Na hapa Kampala, kama ujuavyo, l na r huazimana nguo. Basi nikajiambia, dada anataka nihesabu vile vilori vya taka. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa nimeshajua, niulize nini?

Nikanunua daftari. Kila siku, tangu ninapowasha jiko saa kumi na mbili asubuhi hadi ninapofunga jioni, jicho moja lilikuwa kwenye chapati na jingine barabarani. Jumatatu sifuri. Jumanne sifuri. Jumatano moja. Wenzangu walikuwa wanatuma kumi na nane, ishirini na sita, thelathini. Nikawaonea wivu, nikidhani wanaishi mitaa yenye bahati.

Wiki ya tatu, fundi cherehani mmoja Mkongomani, ambaye dirisha lake linatazama jaa lilelile, alishindwa kuvumilia. Akaandika mbele ya kundi zima: "Mama, unadanganya. Niko naona kaloli mingi sana hapa kila siku, na macho yangu. Weye unahesabu ukiwa kwa kitanda?"

Mimi, ninayeamka saa kumi kukanda unga! Lori likaingia wakati huohuo. Nikalipiga picha, namba na matope yake, nikaituma na maneno haya: "Hii hapa kaloli yako. Leo ni moja tu. Nionyeshe nyingine!"

Kundi zima likalipuka. Vikatuni vya kucheka machozi vilijaa kwenye simu mpaka nikawa siwaoni watu. Mwanajeshi mstaafu akaandika, "Mama, kaloli ni ile ndege kubwa. Yako iko na magurudumu." Niliinua macho, nikayaona yale madege yenye upara yamepanga mstari juu ya jaa. Wiki tatu nilikuwa nimeyafukuza kwa mwiko bila kulihesabu hata moja. Niliona aibu, na aibu yangu siku zote hugeuka hasira. Nikatafuta pa kubonyeza ili nijitoe.

Yule dada akapiga simu kabla sijapapata. "Nyabo, usitoke kwa kundi, bambi, tafadhali. Hiyo kitabu yako iko na siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Na hakuna siku narukwa?"

"Hata moja."

Kesho yake alikuja, akaketi kwenye benchi langu, akaweka daftari langu kando ya hesabu za fundi. Hakuhitaji kunieleza. Lori lisipokuja siku tatu, ndege walikuwa wanaongezeka. Likija, kesho yake wanapungua. Katika siku ishirini na moja lori lilikuja mara nne. Makombo yetu hayakuhusika.

Alipoyaweka hayo kwenye kundi, mwenyekiti alizungumza kwa mara ya kwanza. "Hiyo namba nani nahesabu? Lori nakuja kila siku."

Niliandika: "Mimi, mwenyekiti. Unataka ukurasa gani?" Nikatuma zote, moja baada ya nyingine, pamoja na ule wenye doa la mafuta. Fundi akathibitisha kwamba na yeye ameona lori mara chache, kisha akaniomba radhi mbele ya wote. Mwanajeshi akaongeza maneno matatu tu: "Mwenyekiti, jibu swali."

Nilijivuna, sikatai. Shule niliachia darasa la saba, na sasa watu walikuwa wananukuu daftari langu mitaa ambayo sijawahi kufika. Mwisho wa mwezi ule wa notisi ulifika, ukapita. Notisi haikutajwa tena, na sisi watano tupo palepale.

Juzi, saa nne asubuhi, mwenyekiti alikuja mwenyewe, akaagiza chai. Akalitazama daftari lililokuwa karibu na birika.

"Mama, leo lori bado kuja. Wewe tayari naandika?"

"Naandika nikifunga, mwenyekiti. Una mpaka jioni."

Aliacha chai inapoa, akatoa simu, akaanza kupiga. Saa tisa lori lilifika. Nikaandika moja.