Mungu wa Ziwa na Darasa la Jumapili

Siku za wiki nafundisha visasili chuoni Bukoba. Jumapili nilikuwa nafundisha watoto kanisani kwetu Kamachumu. Mwaka jana mchungaji aliniita baada ya ibada. Alikuwa amesikia kwamba nawasimulia wanafunzi visa vya mungu wa ziwa aliyeabudiwa na mababu zetu.

“Mwalimu, chagua. Huwezi kulea watoto wa kanisa huku unafundisha mizimu.”

“Mchungaji, hata visa vya miungu ya Wagiriki navifundisha. Mbona kuhusu hivyo hujaniuliza?”

Akaniondoa kwenye darasa la Jumapili. Iliniuma, maana watoto wale niliwapenda. Lakini kesho yake niliingia darasani chuoni, nikasimulia visa vya mungu yuleyule, kwanza kwa Kihaya, halafu kwa Kiswahili, na sikupunguza neno.