Salamu za Geti la Juu

Cleopa hakuwa na ugomvi na mashine yoyote mpaka hoteli ya kitalii anayolinda, huko Mikumi, ilipofunga simu za masanduku ya sauti. Kila mfanyakazi alipewa sanduku lake na namba ya siri ya kulifungulia. Yeye alichagua mwaka aliofunga ndoa na Letisia, maana mwingine wowote angeusahau. Winnie wa mapokezi akamwelekeza: bonyeza namba ya kundi la wote, sema mara moja tu, na maneno yataingia kwenye sanduku la kila mtu.

"Na la kwako usiache kulifungua, mzee."

"Nani wa kuniachia mimi maneno?" Cleopa akacheka. Geti la juu lilikuwa mbali na kila mtu. Gari lilipita, dereva akapunga mkono, basi.

Letisia alipofariki, mvua zilikuwa zimekata barabara ya Vidunda, kijijini kwao, na hakuna mwenzake hata mmoja wa kazini aliyefika. Wao wawili hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo siku ya kuweka msalaba kaburini ilipokaribia, Cleopa alitaka jambo moja tu: safari hii wenzake waje. Hata shemeji zake aliwaambia watakuja.

Siku ya kuanza likizo alinyanyua simu, akavua kofia, akabonyeza namba ya kundi.

"Hamjambo wote? Ni mimi Cleopa, wa geti la juu."

Akanyamaza, kama alivyolelewa. Watu hawajaitika salamu, wewe unawarukia na shida zako? Alijua fika anaongea na mashine, lakini mdomo uligoma kusonga mbele. Kimya. Kisha yule mama aliyerekodiwa kwenye simu akasema, "Asante," na Cleopa, akiona ameitikiwa, akamwaga yote: Jumamosi, msalaba wa Letisia, njia ya kupita, chakula kipo, wasihangaike kubeba chochote. Akaweka simu chini moyo mweupe.

Jumamosi, benchi mbili alizoazima kanisani zilikaa tupu chini ya turubai.

"Wenzako wa kazini wako wapi, shemeji?" Urbanus, kaka wa marehemu, akauliza, na baada ya sala akauliza tena.

"Wako njiani," Cleopa akajibu mara zote mbili. Jioni alizirudisha benchi mwenyewe.

Likizo ilipoisha alirudi getini akiwa ameapa kutomsemesha mtu. Taa nyekundu ya simu ilikuwa ikiwaka na kuzima. Akabonyeza mwaka wa ndoa yake.

"Shikamoo mzee Cleopa, ni Winnie." "Shikamoo baba, Brayson wa gereji hapa." Wakafuatana, hata wale asiowajua kwa sura. Wa mwisho alikuwa Casmir, mpishi: "Shikamoo mzee wangu. Umetusalimia, halafu ukanyamaza, mashine ikakata. Ulikuwa na neno? Tunasubiri."

Cleopa akaketi. Kisha akairudisha sauti ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu," akaitika. Akamwitikia kila mmoja kwa zamu yake, bila haraka. Alipomfikia Casmir, akaiambia simu ambayo haikuwa ikirekodi chochote:

"Marahaba. Jumamosi namwekea Letisia msalaba. Naomba mje."