Niliwapaka Panya Rangi kwa Kubahatisha

Nimekosa, ndugu wasomaji. Na kosa lenyewe ni la panya. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Natta, nilipata kibarua kwa mtaalamu mmoja mgeni aliyefuga panya weupe. Alitaka kujua kumbukumbu inakaaje kichwani. Panya akiingia upande wenye giza wa kisanduku anapigwa na umeme kidogo. Kesho yake anakumbuka, haingii. Lakini akidungwa dawa ya kuzuia ubongo usitengeneze protini, kesho anasahau, anaingia tena kama mjinga.

Rafiki yangu Marwa, mtu wa Tarime, ndiye alidunga. Mimi nililisha na kusafisha. Waliodungwa dawa walipakwa rangi nyekundu mkiani, waliodungwa maji matupu walipakwa buluu.

Siku moja Marwa ameshamaliza kudunga, nikaona chawa kwenye manyoya yao. Mimi ni mtu wa ng'ombe bwana! Nikawaogesha wote kwa sabuni kama siku ya josho. Rangi ikatoka yote.

Nilipaswa kusema pale pale. Lakini niliona aibu, nikajidanganya kwamba nawatambua kwa sura, kama ng'ombe wa baba. Nikawapaka upya kwa kubahatisha.

Kesho yake mambo yakavurugika. Wenye mkia mwekundu wengi walikumbuka, wa buluu wakasahau. Mtaalamu akasema Marwa amechanganya sindano. Marwa akaapa hakuchanganya, akanigeukia.

"Ndugu yangu, wewe ulikuwepo. Sema."

Nikatazama chini. Alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Miaka yote hii nakula sishibi. Mwezi uliopita nikamfuata kwao. Nilimkuta zizini amesimama pembeni, mkewe ndiye anachoma ndama sindano. Mkewe akaniambia tangu arudi hajashika sindano tena, anasema mikono yake haiaminiki.

Nikamweleza yote: chawa, sabuni, rangi. Nikapiga magoti pale pale kwenye mavi ya ng'ombe.

Akaniinua taratibu. "Usijisumbue, ndugu yangu. Ni mimi nilichanganya. Nakumbuka kabisa, chupa ya dawa niliiweka upande wa maji."

Jamani! Hakuiweka! Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu! Nimebishana naye mpaka sauti ikakauka, hanisadiki. Anadhani namhurumia.

Wewe uliyenyamazia kosa lako, nakuomba, nenda ukaseme leo, wakati mwenzako angali anakumbuka kwamba hana hatia.