Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Shemeji yangu hajui kukaa. Simsengenyi, mwenyewe anajijua, na mimi ndiye niliyembandika jina la Hakai wiki ile ile alipomwoa dada yangu. Akila, anakula amesimama mlangoni. Akiongea na simu anaizunguka nyumba, na majirani wanapata habari zake vipande vipande, kila dirisha na sentensi yake. Halafu kazi aliyoichagua, sijui aliichaguaje, ni ya kukaa: anachora ramani za majengo, kisha anazigeuza kuwa filamu fupi, ili mwenye jengo aone milango ikifunguka na jua likiingia ukumbini kabla hata tofali la kwanza halijawekwa.

Kazi hiyo anaifanyia kwenye kona ya sebule, kwa kompyuta ya mezani aliyoiunga mwenyewe. Na kwa kuwa yeye hatulii, hata mashine hakuiacha itulie. Prosesa, kile kidude kinachofanya hesabu zote, kilitoka kiwandani na mwendo wake. Yeye akaingia kwenye mipangilio akaupandisha, akakiongezea na umeme ili kiumudu. Mashine ikawa inakimbia kweli, siwezi kumnyima hilo. Ila prosesa inayokimbizwa hivyo huchemka, na ikichemka mno hujipunguzia mwendo yenyewe, na isipopoa mashine inazima pu, na kilichokuwa kikiandaliwa kinapotea. Basi maisha ya shemeji yakawa ni kuchungulia joto. Digrii sabini, anapiga mluzi. Themanini, anaanza kutembea. Tisini, ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza ni upande gani, labda ndiko joto linakotokea.

Dada alipojifungua mtoto wao wa kwanza, ofisi aliyokuwa akifanyia kazi shemeji ilikuwa imeshafungwa. Kazi za kuchorea nyumbani zilikuja kwa kudonoadonoa. Alikuwa ameitwa kwenye machimbo ya mawe, mbali, kule ambako mtu humwona mkewe likizo hadi likizo. Hakuitaka kazi hiyo. Dada naye ukiitaja tu alikuwa anageukia ukutani. Ndipo akajitokeza mkandarasi mmoja aliyetaka kujenga bweni la wanafunzi. Alihitaji filamu ya jengo zima, ndani na nje, awaoneshe wenye mradi Ijumaa mchana. Wakiipenda, ramani zake zote atachora shemeji, na shemeji atabaki na mwanawe. Wasipoipenda, au isipofika, Jumatatu anapanda basi. Sote tulilijua hilo isipokuwa mama yetu, ambaye hakuna aliyetaka kumtia wasiwasi.

Mama alikuja kumlea mzazi. Ni mtu ambaye mikono yake haiwezi kukaa bure, na siku ya kwanza tu aliitazama ile kompyuta, akasema kitu cha thamani hakiachwi wazi namna hiyo na vumbi lote hili. Akatoa uzi na sindano ya kufumia. Macho yake yameshachoka, kila mstari alikuwa anausogeza dirishani kuuhesabu, mara nyingine anafumua na kuanza tena, na mtoto yuko mapajani. Kilipokwisha kilikuwa kitambaa cheupe kizito, kimefumwa maua yaliyobanana, na pindo la kuning'inia pande zote. Akakitandika juu ya mashine mwenyewe, akakivuta hapa na pale mpaka kikakaa sawasawa.

Sasa, juu ya mashine ile ndiko kwenye matundu ya kutolea moto.

Shemeji alikipokea kitambaa kwa shukrani nyingi, akakisifia pindo. Angefanya nini? Mkwe ni mkwe. Huyu ni mtu ambaye mbele ya mama yangu hata kupiga chafya anatoka nje. Kuivua kitambaa kompyuta mbele yake, alinieleza huku anapikicha shingo, anaona ni kama kumvua mama mwenyewe kilemba. Nikamwambia basi nitasema mimi, mama ni mama yangu, hataniuma. Akanisihi nisithubutu, maana mama atajua nimetumwa, na itakuwa kweli. Dada alipoulizwa akasema mama kaumiza macho kwa ajili ya kitambaa kile, atakayekwenda kumwambia kinaharibu aende, yeye hamo.

Kwa hiyo mwanamume mzima akawa anaishi kwa kuvizia. Mama akitoka kuanika nepi, kitambaa kinavuliwa. Kandambili zikisikika ukumbini, kinarudishwa. Katikati ya hapo alihangaika kutafuta dawa kila mahali isipokuwa pale ugonjwa ulipo. Aliifungua mashine akasafisha yale mapezi ya bati yanayoipoza prosesa kwa brashi ya rangi. Akafuta krimu ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa kupitishia joto, akapaka nyingine, kesho yake akaifuta tena eti alipaka nene. Akaongeza feni ubavuni. Akapunguza umeme kidogo, joto likashuka kidogo, kisha mashine ikaganda katikati ya picha, akaurudisha. Usiku hakulala vizuri wala mchana hakutulia, na mimi niliyekuwa nalala sebuleni nilikuwa nakaribia kumpiga na mto. Nilikasirika kweli. Watu wanne wazima ndani ya nyumba moja, na hakuna mwenye ulimi.

Jumatano mama alikaa sebuleni asubuhi yote anakunja nguo za mtoto, na mashine ikazimika mbele yake. Akauliza kama umeme umekatika. Shemeji akasema ndiyo, kidogo. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Ijumaa ikafika. Kilichobaki ni kipande cha mwisho, ua wa bweni na ngazi zake, na kwa mwendo ule wa kulazimishwa kingewahi, kwa mwendo wa kiwandani kisingewahi. Dada hakuwa amefumba macho usiku kucha, hivyo mama akamchukua mtoto amwache mzazi alale, akaja kuketi naye sebuleni, kwenye kiti kinachotazamana na kompyuta. Kitambaa kiko juu. Shemeji kachungulia: themanini na nne. Akaenda dirishani, akarudi. Themanini na tisa. Akamwomba mama ampe mtoto amsaidie kumbeba. Mama akasema afanye kazi yake. Shemeji akamuuliza kama hataki kujinyoosha kidogo chumbani. Mama akamtazama.

"Unanitoa hapa, baba?"

Akasema hapana, hapana kabisa, na jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Tisini na tatu. Feni zote zilikuwa zinapiga kelele, na kwenye kioo ule mstari wa kuonesha kazi imefika wapi ulikuwa umeanza kujikokota. Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji, nimeshafungua mdomo, liwalo na liwe. Shemeji akanitangulia. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama.

"Mama, nisamehe kabla sijasema. Kitambaa chako ni kizuri, lakini moto wa mashine unatokea juu, nacho kinauziba. Kazi hii isipoisha mchana huu, Jumatatu naenda kufanya kazi machimboni, namwacha mwanao na huyu mtoto. Naomba ruhusa nikitoe."

Mama alinikabidhi mtoto, akainuka, akakitoa kitambaa mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya matundu, akakiondoa haraka kwa ule moto. Akakikunja kile kitambaa, mara mbili, mara nne, akaingia nacho chumbani na kufunga mlango. Shemeji akabaki pale pale kwa magoti, anautazama mlango, wakati nyuma yake namba zinashuka zenyewe, themanini na saba, themanini na moja, sabini na sita.

Filamu iliisha, ikatumwa. Mkandarasi hakupiga simu, akatufanya tuzunguke nyumba wote sasa, hadi dada na kichanga chake. Alipopiga jioni alikuwa anacheka. Wameipenda, akasema, na Jumatatu aende wazungumzie ramani za bweni, na za jengo la pili pia. Dada alilia. Mimi nilimpiga shemeji mgongoni kwa bakuli, kwa furaha na kwa hasira za wiki nzima, maana sikuwa nimeshiba kumkasirikia.

Akaenda kumpa mama habari. Alibisha hodi, akaitikiwa, akafungua, na hakuingia. Nikachungulia begani kwake. Begi la mama lilikuwa kitandani limejaa, zipu imefungwa, na khanga ya safari imewekwa juu yake.

"Tangu lini, mama?" shemeji akauliza.

"Wiki sasa." Mama alikuwa anaongea na zipu, si na sisi. "Kila nikitoka nikirudi nakuta kitambaa kimekaa upande. Mtu mzima anaelewa. Nikasema mwenye nyumba hataki mkono wangu nyumbani kwake, ila anaona haya kuniambia. Ningeondoka kesho. Ningesema huko kwangu kuna mgonjwa."

Wiki nzima alikuwa akimwogesha mjukuu na kumwimbia, na begi limefungwa. Nililia pale mlangoni, na mimi si mtu wa kulialia.

Shemeji akaingia, akafungua zipu, akaanza kutoa nguo za mkwewe moja moja na kuzirudisha kabatini, gauni, khanga, sweta, wala hakuomba ruhusa safari hii. Mama akamwacha atoe. Akamwacha mpaka karibu na chini ya begi, ndipo akamshika mkono.

"Basi, baba. Hizo zilizobaki nitazitoa mwenyewe."