Viti vya Mtakatifu Yohana

Juni 2012, Wakatalani waliofikia hoteli moja ya West Bay, mtaa wa hoteli za kifahari huko Uarabuni, waliadhimisha mkesha wa Mtakatifu Yohana kama kwao Barcelona, kwa kuwasha moto ufukweni na kuchoma vitu vya zamani. Meneja wa hoteli aliwapa viti vizima wavichome, viti vile vile ambavyo aliwanyima wafanyakazi, ambao walikula wakiwa wamechuchumaa sakafuni.

Nafula, msafishaji kutoka Bungoma, alisogea karibu na moto. Mgeni mmoja akamnyooshea keki.

“Furahi nasi! Tunachoma mabaya ya mwaka.”

“Hivi viti vimekosa nini?”

Mgeni alicheka, akarusha kimoja motoni. Nafula akanyakua kilichofuata, akakibeba hadi kwenye basi la wafanyakazi. Meneja alikunja uso, lakini mbele ya wageni hakuthubutu kumnyang'anya.

Ndani ya basi wenzake walishangilia. Yeye alitazama viti vingine vikiungua kule ufukweni, akatema mate dirishani.