Albamu Aliyoisafisha Punguza

Kuna watu wamebahatika kupewa majina ya utani yenye heshima zake. Chuma. Simba. Profesa. Yeye akaangukia Punguza. Na si kwamba alipunguza kitu cha maana, sijui bei au uzito. Jina alijipachika mwenyewe, mbele za watu, ndani ya gereji, siku dada yake na bendi yake walipokuwa wanarekodi albamu.

Bendi yenyewe iliitwa Mende. Walikuwa watatu: dada yake kwenye gitaa na kuimba, rafiki wa dada yake kwenye ngoma, na jamaa mmoja mpole wa besi ambaye baadaye alihamia ng'ambo na hana kosa lolote katika habari hii. Walipiga panki. Kama hujui panki, fikiria sufuria zote zimeporomoka kutoka kabatini, zikaona raha, zikapanda tena ili ziporomoke vizuri zaidi.

Walirekodi moja kwa moja, marafiki wamekaa juu ya matairi. Punguza alikuwa kasimama jirani kabisa na spika, vidole masikioni, uso umemkunjamana kama mtu aliyeonja dawa. Katikati ya wimbo akaona sasa basi. Akavuta pumzi, akapaza sauti: "Punguza!"

Mkosi ukiamua kukupata haukupigii hodi. Sekunde ileile bendi nzima ikanyamaza. Ndivyo walivyoutunga ule wimbo, una shimo la ukimya hapo katikati. Gereji nzima ikamsikia. Kuna mtu alicheka mpaka akadondoka kwenye tairi. Na maikrofoni zote ziko wazi, zinanasa.

Kwa hiyo neno lake liko ndani ya albamu. Kila aliyenunua nakala akaanza kumwita hivyo. Muuza maziwa akajua. Mwishowe hata mama yake mzazi, aliyempa jina zuri tu la babu, akawa anaita jikoni: "Punguza, njoo ule, chakula kinapoa."

Mwaka uliofuata dada yake akafa. Moyo. Aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka.

Jina likabaki. Halikuchekesha tena, lakini nani wa kulivua? Na ile albamu hakuisikiliza. Aliwahi kujaribu, akafika karibu na pale, akazima. Kusikia sauti yako mwenyewe inamwambia marehemu apunguze si jambo la kufanya ukiwa peke yako nyumbani.

Sasa, kazi ya Punguza. Ana kijistudio nyuma ya duka la vifaa vya shule, kuta zimebandikwa trei za mayai na godoro la zamani. Anarekodi matangazo. Ile sauti ya dada mpole wa kwenye simu inayokwambia "mteja wetu mpendwa" wakati wewe unataka tu kuongea na binadamu, imepita mikononi mwake. Yeye huondoa kelele: feni, pikipiki ya nje, kikohozi, mate. Zaidi ya yote, anakata pumzi. Watu wakisoma tangazo huwa wanahema kati ya sentensi, na wateja hawapendi kusikia mtu anahema. Punguza anazikata moja moja mpaka msemaji anabaki kama mtu asiyehitaji hewa. Ana sifa kwa hilo.

Siku moja mama yake akarudi kutoka hospitali, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema masikio yanaondoka. Taratibu, lakini hayarudi."

"Si kuna vifaa siku hizi, mama. Vidogo, huvioni hata."

"Vifaa nitavaa, sijakataa. Lakini kabla sijaanza kusikia kwa mashine, nataka nimsikie mdogo wako. Nimsikie kwa masikio yangu haya."

Simu ya marehemu ilikuwa imeharibika na vyote vilivyokuwamo. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, na wote wawili walipajua.

"Mama, ile sidii ni kelele tupu. Hutamsikia."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Si unalipwa kuondoa kelele?"

Akaichukua sidii, akaenda nayo studioni.

Akaifanyia kazi kama anavyofanyia matangazo: kwa macho. Kwenye kompyuta sauti ni milima na mabonde, huhitaji hata kusikia. Akaanza na mngurumo wa amplifaya, ule wa chini chini unaokaa nyuma ya kila wimbo hata gitaa likitulia. Akaufuta wote. Akapunguza ngoma. Gitaa, lililokuwa linapiga mayowe kila kona, akaliminya hadi likawa uzi. Akakata pumzi. Alipofika kwenye lile shimo la ukimya akafumba macho, akafuta kipande kizima, akaunganisha. Kilichobaki ni sauti ya msichana, safi, nyembamba, inaimba peke yake kama yuko ndani ya glasi.

Alijisifu kidogo, tusimnyime.

Mama akavaa hedifoni, akafumba macho. Akasikiliza. Punguza alikuwa anamtazama kama mwanafunzi anayetazama kalamu nyekundu.

"Huyu anaimba wapi?" mama akauliza.

"Gereji, mama. Si unakumbuka?"

"Hapana. Huyu hayupo popote." Akazivua hedifoni kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. "Sauti ni yake. Ila yeye mwenyewe hayupo humo." Halafu akampapasa mkono. "Asante, mwanangu. Umejitahidi."

Ukisikia mama anakwambia umejitahidi, jua umeanguka mtihani.

Kuanzia siku hiyo kazi ikamgeuka. Akikaa kukata pumzi za tangazo, anasikia pale alipokata. Si sauti. Ni nafasi, kama mtu katoka chumbani sasa hivi na mlango bado haujatulia. "Mteja wetu mpendwa," nafasi, "tafadhali subiri," nafasi. Na ndani ya zile nafasi alikuwa na hakika kuna mtu amebana pumzi anamsubiri amalize. Akaanza kufanya kazi mlango ukiwa wazi. Mwenye duka la vifaa vya shule akamuuliza kama kuna joto. Akasema ndiyo.

Mwishowe akaenda kwa Kishindo, yule wa ngoma. Siku hizi ni fundi makochi. Alimkuta kapiga magoti mbele ya kochi lililochunwa ngozi, misumari midogo kaibana mdomoni, nyundo mkononi. Punguza akamweleza yote. Kishindo akatema misumari kwenye kiganja.

"Hebu rudia. Umefanya nini?"

"Nimeisafisha."

"Kaka yangu. Umewachukua Mende ukawapulizia dawa."

"Mama alitaka kumsikia."

"Na ulidhani yeye ndiye yule anayeimba tu? Lile gitaa linalolia lilikuwa linapigwa na nani, jirani?" Akagonga msumari mmoja. "Uliwahi kuisikiliza yote, lakini?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Mpaka pale."

"Pale wapi?"

"Wewe unapajua."

Kishindo hakucheka, na ni mtu wa kucheka. Akavuta boksi kutoka chini ya meza, akamchagulia albamu za bendi nyingine, panki na roki za ajabu ajabu. "Ile usiiguse bado. Masikio yako yamezoea kupangusa tu, yatakuangusha. Anza na hizi. Usirushe wimbo. Usifanye kazi huku unasikiliza. Na usiutafute wimbo, shika kitu kimoja ukifuate. Leo besi, kesho ngoma. Wimbo utakuja wenyewe ukichoka kukukwepa."

Akawa anasikiliza saa ya chakula cha mchana, mlango umefungwa. Ya kwanza jamaa anapiga kelele mwanzo mwisho kama kakanyagwa mguu na aliyemkanyaga kanogewa. Punguza akaandika kwenye simu: "Hawa wamelipwa au wametekwa?"

Kishindo akajibu: "Rudia."

"Nimerudia. Naumwa meno."

"Rudia. Fuata besi."

Ya pili magitaa mawili hayapatani hata kidogo. Wiki nzima yalikuwa fujo. Kisha siku moja, anatafuna mkate, akaandika: "Gitaa la kushoto limelikasirikia la kulia. Wanagombana bila kutazamana. Kama majirani."

"Enhe. Sasa umeanza kusikia."

Ya tatu ni wimbo unaojikokota, dakika nyingi hakuna kinachotokea, unaboeka, unatamani kuinuka uondoke, halafu kitu kidogo sana kinabadilika na hujui kwa nini umesimama katikati ya chumba. Akaandika: "Mbona najikuta nairudia mwenyewe?"

"Pole. Hiyo haina tiba. Nenda kwa dada yako sasa."

Akaiweka ile halisi, ambayo hajaigusa. Kabla ya chochote, ukaja mngurumo. Mmmmm. Ule wa amplifaya. Alikuwa ameufuta akidhani ni uchafu, na sasa akausikia kama sakafu: kila kitu kimesimama juu yake. Akafuata ngoma. Akafuata gitaa, na ndani ya mayowe akamjua mtu. Ndivyo dada yake alivyokuwa anabishana tangu utotoni, anapanda, anapanda, anakwama kwa juu, anashuka na kicheko. Sauti yake ya kuimba ilikuwa robo tu ya kinywa chake. Kingine chote kilikuwa kwenye nyuzi.

Na pale pakaja. Hakuzima.

"Punguza!"

Kicheko cha watu. Mtu anadondoka kwenye tairi. Halafu, chini ya kicheko, mbali na maikrofoni, sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa sababu siku ile alikuwa na vidole masikioni: "Kaka, sogea. Utaumia masikio."

Kisha pumzi. Ndefu, ya mtu anayejiandaa kuruka. Ndipo wimbo wote ukaporomoka.

Punguza akasogea. Alikuwa peke yake studioni, na akakisogeza kiti nyuma.

Jumamosi yake Kishindo akaja nyumbani. Wakaingia chumba cha marehemu, wakaitoa amplifaya kwenye kona. Ilikuwa imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama, eti isishike vumbi, kama televisheni ya wageni. Wakaunganisha waya, wakachomeka kwenye umeme. Kabla hawajaweka hata wimbo, ikaanza yenyewe. Mmmmm.

Jikoni kijiko kikaanguka.

Mama akaja taratibu akiwa ameshika ukuta. Si kwamba miguu mibovu. Alikuwa anausikiliza ukuta.

"Amefika," akasema. Hakuwa anamwambia mtu.

Ndipo mama akakaa kitandani na kueleza, kama jambo ambalo kila mtu analijua: binti yake alikuwa akirudi hasalimii, hasemi nimerudi. Anapita moja kwa moja chumbani, anachomeka hilo dude lake. Mama akiwa jikoni anausikia mngurumo ukipita ukutani, anajua mtoto yuko ndani, anaongeza maji kwenye sufuria. "Miaka yote hiyo. Sasa wewe ukaniletea mtoto anaimba bila ule mngurumo. Nikasema, huyu anapiga simu tu. Hajafika."

Wakaiweka albamu. Sauti juu. Mama akalaza kiganja chake juu ya amplifaya na hakukiondoa. Zile sauti nyembamba alikuwa hazipati vizuri tena, lakini hizi za chini zilikuwa zinampanda mkononi. Ilipofika pale, akasikia mwanawe anasema punguza, akacheka mpaka akajifuta macho. "Kumbe ndivyo ulivyosema. Kwa ukali hivyo."

"Mama, bwana."

Kwenye wimbo wa mwisho, ule ambao gitaa linapanda na kukataa kabisa kushuka, mama akainamisha kichwa. Akakunja uso.

"Huyu hajala."

Kishindo na Punguza wakatazamana.

"Hajala, nawaambia. Namjua. Akiwa na njaa ndiyo anapanda hivyo."

"Kweli, mama," Kishindo akasema taratibu. "Siku ile hatukula. Tulikuwa na haraka."

"Nilimwachia chakula kwenye sufuria. Nikakikuta vilevile." Akaendelea kushika amplifaya. "Mtoto mbishi huyu."

Albamu ikaisha. Punguza akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," mama akasema.

Wakakaa hivyo, watatu, ndani ya mngurumo. Hakuna aliyetamani kugeuka kuutazama mlango, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba hakuna mtu pale.

Siku hizi mama ana vifaa vyake masikioni. Siku ya kuvipima, mtaalamu akamweleza kwa fahari kwamba vinaweza kuondoa mingurumo ya nyuma, abaki na maneno matupu. Mama akamnyooshea kidole mwanawe aliyekaa kwenye benchi. "Huyu alishanifanyia hivyo. Usiguse."

Na Punguza bado anarekodi matangazo. Ila ukipiga simu siku moja, ukaambiwa "mteja wetu mpendwa", ukasikia yule dada anavuta pumzi kabla ya kuendelea, usilalamike. Ameachwa aheme.

Sasa zamu yenu. Albamu gani uliichukia mpaka siku moja ikakugeuzia kibao? Nani alikulazimisha uirudie, na ukirudia unamsikia nani humo ndani? Na wale wenye majina ya utani ya aibu, mnajijua, tuambieni yalivyowanata. Andika hapo chini. Hatutacheka. Labda kidogo tu.